Nyuma ya Daftari la Kwaya

Daktari nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwetu Kawetele, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, nikamuuliza mkwe wangu Tulia, tena kwa sauti nzito, kama amewahi kuugua akili. Tulia akacheka, akajibu ndiyo. Nikamwambia amefeli, turudie.

Alhamisi ile alikuwa anakwenda Dar es Salaam kupimwa afya ya safari. Mwanangu Lwitiko yuko Kanada mwaka wa tatu sasa, anamsubiri mkewe na binti yao, Debora. Wakanada hawampokei mtu mpaka daktari waliyemteua wao ampime na kumuuliza maswali yao. Na Tulia, alipojifungua Debora, aliugua. Usiku halali, anazunguka migombani, anasema mtoto amebadilishiwa. Alilazwa Mbeya wiki tatu, kisha akanywa dawa mwaka mzima hadi daktari alipomwachisha. Majirani wote niliwaambia malaria imempanda kichwani, na hakuna aliyethubutu kunibishia.

Kwa hiyo nikamwagiza na huko aseme malaria. Tulia akanieleza kwa upole kwamba anayekutwa amedanganya ndiye anayekataliwa. Anachotaka ni barua ya daktari wake wa Mbeya kuthibitisha kwamba amepona, na kesho yake angeifuata. Akaniuliza daftari lake la kliniki nimeliweka wapi.

Nikaendelea kumenya ndizi. Nilipoona anasubiri, nikasema, "Nimelichoma."

Nililichoma wiki iliyotangulia, chini ya sufuria ya maharage, nikijiona nimeokoa ndoa ya mwanangu. Tulia hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akasema namba yake ya faili ilikuwa humo, na bila namba hawatalipata faili la miaka minne nyuma kwa siku mbili zilizobaki. Machozi yakaanza kumtoka. Nampenda mtoto huyu kuliko ninavyoonyesha, na siku ile nilijichukia.

Nje mtu akakohoa. Alikuwa mume wangu, Ambindwile. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Vijana wengi wameiacha, ila hawa wawili wameishika kuliko wanavyoshika amri za kanisa. Mzee akitaka kupita hukohoa kwanza, Tulia akajisogeza pembeni. Safari hii hakupita, alisimama nyuma ya ukuta.

"Mama Lwitiko," akasema, "mwambie mkwe namba ninayo."

Ukaingia mkono mlangoni, na kwenye huo mkono daftari lake la kwaya. Mzee anaimba sauti ya nne kanisani, na kila kitu chake hukiandika humo. Mwaka ule wa ugonjwa mimi nilibaki na mtoto, yeye ndiye aliyempeleka Tulia kliniki kila mwezi, akatangulia mbele bila kugeuka, na kule akakaa kwenye benchi kampa mgongo. Kurasa za nyuma nikakuta namba ya faili, tarehe na majina ya dawa. Lakini chini ya kila tarehe kulikuwa na mengine, ambayo miaka yote hiyo sikuyajua na kitanda tunalala kimoja. Kwa kuwa hamtazami, aliandika alichokisikia.

*Leo amelia asubuhi tu. Leo amemwita mtoto kwa jina. Leo amemjibu Mama Lwitiko kwa ukali, nimefurahi. Leo amesikika akicheka.*

Tulia alisoma yote, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

"Mama, mwambie baba ndaga fijo," akasema. Asante sana, kwa lugha yetu. Mzee alikuwa hatua mbili tu kutoka pale na masikio yake ni mazima. Hata hivyo nilimfikishia, maana ndio utaratibu.

Barua ilipatikana. Kule Dar, swali lilipoulizwa, Tulia akajibu ndiyo. Daktari akaisoma barua, akamuuliza kama siku hizi analala vizuri, kisha akampeleka kupigwa picha ya kifua. Hata dakika kumi hazikufika. Viza ilitoka baada ya miezi miwili.

Walipoondoka, nyumba ikapoa. Siku ya nne nikalikuta daftari mezani, nikalifungua nyuma. *Leo sijamsikia.* Chini yake tena, *Leo sijamsikia.* Na tena. Nikalifunga upesi, nikalirudisha pale pale kabla sijalia.

Jumapili Lwitiko akapiga simu ya video. Uso wa Tulia ulipotokea, mzee akageuka haraka, akautazama ukuta. Nikamwambia mkwe yuko Kanada, mila haifiki huko. Hakugeuka.

"Ongeza sauti," akasema.

Nikaongeza. Tulia alikuwa anamcheka Debora, ambaye amegoma kuvaa viatu vya theluji. Mzee akatoa kalamu mfukoni.