Gitaa la Usi Mdomoni mwa Nadir

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, wapenzi wa gitaa la roki hukusanyika Jang'ombe, kwenye karakana ya Abdulhakim fundi redio, kila mmoja na santuri yake kwapani. Mwenye zamu huieleza albamu yake: kwa nini anaipenda, wapi gitaa linaanza kukwaruza, upande gani umechakaa kwa kuchezwa. Kisha hubishana mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Lakini wana sharti moja wasilolivunja: gitaa likishika solo, hakuna anayefungua mdomo, hata kikombe cha kahawa hakiwekwi chini.

Bi Badria alikuwa mwanamke pekee mwenye kiti chake pale, na alikwenda kwa sababu ya albamu moja tu. Ilirekodiwa zamani na vijana wa mtaa huo huo, na sasa kampuni moja ya Ulaya imeitoa upya. Jalada linasema mpiga gitaa ni Nadir. Mpiga gitaa alikuwa Usi, mdogo wake Badria. Nadir alikuwa mbeba spika. Usi alipolazwa hospitali, Nadir ndiye aliyepeleka majina kwa mchapaji wa jalada, na jina la Usi halikufika. Usi alikufa mwaka jana bila ya mtu kumuuliza chochote, na Nadir alikuja mazikoni na kanzu mpya. Badria hakumsamehe, wala hakujaribu. Kila alipoligusia jambo hilo karakanani, Nadir alitikisa kichwa kwa huruma na kusema maskini, ana uchungu wa nduguye, na wenziwe wakamwamini.

Usi alikuwa akija nyumbani kila Alhamisi magharibi, kama wanavyokuja maiti wengine wa Jang'ombe kutazama jamaa zao. Alikaa mkekani karibu na mlango akanywa chai. Alhamisi moja dada yake alimwambia:

"Usi, kalitoe gitaa lako kwenye ile santuri."

"Nkalitie wapi?"

"Mdomoni mwa Nadir. Si anasema lake? Na akae nalo."

Usi alisema mdomo wa Nadir mchafu, lakini kwa ajili ya dada atakwenda. Akamaliza chai yake akaondoka.

Kesho yake zamu ilikuwa ya Nadir, naye alileta toleo jipya, bado limo kwenye nailoni. Ngoma zikalia, besi likaingia, mwimbaji akaimba. Pahala pa gitaa palikuwa patupu, inasikika sindano tu. Abdulhakim akakagua nyaya.

"Gitaa limetoka," alisema, kama mtu anayesema umeme umekatika.

Nadir akafungua mdomo aeleze. Solo ikatoka mdomoni mwake, safi, na ule mtindo wa Usi wa kuivuta sauti ya mwisho mpaka ikaribie kukatika. Badria alikuwa akiingojea saa hiyo. Akasimama.

"Hilo gitaa ni la..."

"Bi Badria, sharti," alimnong'oneza Mkadam, mpenzi wa gitaa mkongwe kuliko wote pale, kidole mdomoni.

Badria akangoja solo iishe. Iliisha, lakini Nadir kwa hofu alitaka kusema neno, na ikaanza upya. Kila Badria alipoinuka, Nadir alijaribu kujitetea, gitaa likalia, na watu wazima wakamtazama Badria kama mtoto anayecheka msikitini. Ikawa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Mkadam alifuta machozi kwa kofia yake.

"Mie nlikuwa na shaka kidogo," alisema. "Lakini gitaa limemrudia mwenyewe. Nani tena atabisha?"

Hakuna aliyebisha. Walimsindikiza Nadir mpaka nyumbani kwake Mji Mkongwe.

Tangu hapo Nadir akiitwa, badala ya naam linatoka gitaa. Hakuweza kupatana bei ya samaki. Msikitini alisali amebana midomo, na mkewe aliacha kumuuliza maswali. Badria alizipata habari hizo moja moja akafurahi, na hakuona haya kufurahi.

Asubuhi moja Nadir alikuja kwake, amekonda, akauonyesha mdomo wake na kulia.

"Umechoka?" aliuliza Badria.

Nadir akaitikia kwa kichwa. Badria akamletea jalada na kalamu nene ya wino mweusi.

"Futa jina lako, andika la Usi. Hutakiwi kusema kitu. Ukishaandika, Alhamisi ntamwambia alitoe."

Nadir alishika kalamu. Watu wa kampuni walikuwa wanakuja kutoka Ulaya kumpandisha jukwaani. Alilitazama jina lake muda mrefu, akaifunika kalamu, akaiweka pembeni ya jalada taratibu isije ikalichafua. Kisha akaenda zake.

Wiki ile ile picha yake ilibandikwa ukutani kwa Abdulhakim, jina lake chini kwa herufi kubwa. Alhamisi Usi alikuja kama kawaida. Badria alimweleza yote, na Usi akauliza kama basi alitoe.

"Vidole vimechoka?"

"Bado."

"Basi piga. Piga mpaka siku ya mauti yake, atakapotaka kutamka shahada."

Usi akasogeza kikombe aongezewe chai.