Ziwa la Benchi la Nyuma

Kila Jumanne, kabla ya saa tatu asubuhi, mwelimishaji wa kituo cha wageni alipanga viti vidogo thelathini na viwili ukumbini, akampangusa vumbi ndege mwari aliyekaushwa, akafungua madirisha ya upande wa maji, kisha akajifungia stoo kunywa glasi ya maji na kujisemesha maneno ya kwanza ya somo. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili kazini na maneno ya kwanza bado yalimshinda. Mbele ya watu sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mgeni anayeulizia choo. Watoto walimwita Dada Pole, kwa sababu alimwambia pole chura aliyemshika, konokono aliyemgeuza, na hata yule mwari, ambaye alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Saa tatu na nusu basi la shule liliingia. Watoto wakakaa, wakapigana viwiko, wakanyamaza. Dakika chache baadaye ziwa nalo likaingia kwa mlango wa nyuma, likakaa kwenye benchi la mwisho, karibu na dirisha.

Lilianza kuja mwishoni mwa kile kiangazi ambacho gati lilibaki limesimama juu ya tope. Halikuja lote, kwa kuwa ukumbi usingetosha. Lilikuja kiasi cha mtu mzima mnene, maji yaliyojishika yenyewe bila chombo, ya kijani iliyofifia, na ndani yake majani mawili matatu ya matete na samaki mdogo mmoja ambaye kila wiki alikuwa mwingine. Hakuna aliyeliuliza limefuata nini. Kibao cha langoni kilisema kituo ni cha umma na siku za kazi hakuna kiingilio, na wageni wengine nao hawakuulizwa.

Aliyelalamika ni mfagizi peke yake, mzee mwembamba aliyekuwapo tangu jengo linapakwa rangi ya kwanza.

"Mimi sikatazi mtu kusoma," alisema, ameegemea dekio lake. "Lakini ziwa au si ziwa, miguu ifutwe mlangoni."

"Halina miguu, babu," Dada Pole alimjibu.

"Basi lifute hicho linachotembelea."

Akalitandikia gunia. Jumanne iliyofuata ziwa lilisimama juu ya gunia, likajitikisa, ndipo likaingia, na kuanzia hapo mzee alikuwa akiliamkia kama mtu mwingine yeyote.

Lilikuwa mwanafunzi mzuri. Somo la ndege lilipofika, uso wake ulifanya vijiwimbi. Somo la mayai ya samaki, samaki wake alisimama kimya hadi mwisho. Msichana mmoja asiye na meno ya mbele, ambaye wenzake walimwita Kibogoyo, aliwahi kupaza sauti, "Dada, ziwa limelowesha daftari langu!" na Dada Pole akamjibu, "Lisogelee taratibu, nalo litakupisha," na likampisha. Dada Pole mwenyewe, akipotelewa na neno, alisikia kutoka nyuma mlio mdogo, ule wa maji yanapogusa ubavu wa boti, na neno likarudi. Baada ya muda akazoea kufundisha huku akiliangalia lenyewe. Ilikuwa rahisi kuliko kuangalia macho.

Kila kipindi kilianza kwa namba. Ratiba ilitoka Mamlaka ya Maji na ilisema hivyo, kwamba watoto wasome bango la ukutani kwa pamoja, kwa sauti, mara tatu.

"Kina?" Dada Pole aliuliza.

"Mita tisa!"

"Upana?"

"Kilomita nane!"

"Samaki?"

"Aina kumi na moja!"

Bango lilichapishwa mwaka ambao kituo kilifunguliwa, na chini yake kulikuwa na mhuri. Mwaka huo hapakuwa na pampu. Sasa pampu sita zilikuwa ufuko wa kaskazini zikivuta maji ya mashamba makubwa, mchana na usiku, na kila moja ilikuwa na kibali cha Mamlaka hiyohiyo iliyomlipa Dada Pole mshahara. Habari za pampu hazikuwa kwenye ratiba.

Ziwa lilizisikia zile namba kwa sauti thelathini na mbili, wiki baada ya wiki. Somo likiisha, watoto wakishatoka kula, lilibaki mbele ya bango muda mrefu. Dada Pole, akikunja jaketi za kuelelea, alidhani linapenda mchoro.

Wiki ya sita lilijinyoosha. Jumatano asubuhi maji yalikuwa yamefika ufuko wa zamani, yakalamba nguzo za gati, yakafunika tope lote lililokuwa limepasuka. Mkuu wa kituo, mama mwenye roho nzuri aliyevaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alitoka ofisini mbio na simu mkononi.

"Mwanangu! Njoo uone! Limerudi!"

Alipiga picha ishirini na moja, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akazituma makao makuu. Makao makuu, ambao barua ya kuomba balbu waliijibu baada ya miezi minne, walijibu siku ya pili. Walikipongeza kituo. Kwa kuwa ziwa limepona, walisema, vibali vya pampu mbili zaidi vimetolewa.

Dada Pole alisoma barua ile kwenye ubao wa matangazo, kisha akatazama nje. Mbali na ufuko, kule boti zilikopita, korongo alikuwa amesimama na maji hayajamfika magotini. Migongo ya samaki ilionekana juu, inakauka. Jua la saa saba lilipoanika maji yale mapana, membamba, mvuke ulipanda kama wa nguo mbichi zilizoanikwa.

Jumanne ziwa lilichelewa. Lilipoingia lilikuwa jembamba kama shuka lililoloa, na lilipokaa, lilichuruzika katikati ya mbao za benchi. Samaki wake alilala ubavu. Mfagizi alilitazama kutoka mlangoni. Alikwenda akaleta beseni, akalisukuma chini ya benchi kwa mguu.

"Mgeni wako amekonda," alimwambia Dada Pole.

"Naona, babu. Sijui limepatwa na nini."

"Hujui? Kila wiki mnalipigia kelele kwamba lina kilomita nane. Mimi pale zahanati, wakisema wananipima urefu, nanyanyua visigino. Nalo limenyanyua visigino."

Dada Pole aliwaacha watoto wakiwa bado wanapigana viwiko, akaenda ofisini. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akabadilisha miwani, akashusha pumzi.

"Bango lina mhuri, mwanangu. Jipya limo kwenye bajeti ya mwakani, au ya mwaka ule mwingine. Wewe soma kilichoandikwa."

"Lakini ziwa linaliamini, mama."

"Ndiyo maana nasema usilichanganye. Na zile picha nimeshatuma. Ukianza kusahihisha mbele ya watoto, kesho walimu wao wataniuliza." Alimshika mkono. Aliendelea kwa upole, na upole ule ndio uliomwogopesha Dada Pole. "Mkataba wako unakwisha mwezi ujao. Barua ya kukuombea ninaiandika mimi. Nisaidie nikusaidie."

Akarudi ukumbini. Viti thelathini na viwili vilikuwa vimejaa. Akasimama karibu na bango, na maneno ya kwanza, kwa mara ya kwanza, yalikuja yenyewe, kwa kuwa hayakuwa yake.

"Kina?"

"Mita tisa!"

Kwenye benchi la nyuma ziwa lilijivuta juu, likawa jembamba zaidi, na uzi wa maji ukadondoka ndani ya beseni.

"Upana?"

"Kilomita nane!"

"Hapana," Dada Pole alisema.

Ilitoka kubwa. Mfagizi aliacha kukamua dekio. Watoto waligeuziana shingo.

"Imeandikwa, Dada," Kibogoyo alisema.

"Iliandikwa zamani. Twendeni tukapime."

Stooni kulikuwa na kamba ya mafundo, fundo moja kila mita, na jiwe mwishoni. Ilikuwa sehemu ya somo enzi za nyuma, kabla Mamlaka haijaona kwamba kusoma bango kunachukua muda mfupi zaidi. Watoto wakavishwa jaketi, wakapanda boti wanane wanane. Ziwa halikuwa na nguvu ya kutembea, kwa hiyo mfagizi alilibeba kwenye beseni, akakaa nalo nyuma ya boti, likiwa juu ya lenyewe. Aliiona safari hiyo ya kawaida. Alilalamika tu juu ya mgongo.

Katikati kabisa Kibogoyo alidondosha jiwe. Kamba ilisimama karibu mara moja.

"Mawili!" alisema. "Mafundo mawili tu! Dada, nivute nipime tena?"

"Pima tena."

Yalikuwa mawili. Kundi la pili lilipata mawili, la tatu pia, na la nne likapata mawili na kiasi cha kidole, wakabishana juu ya kidole. Dada Pole aliandika yote kwenye daftari. Watoto wa mwisho walipokuwa wanakunja kamba, alichuchumaa mbele ya beseni. Mfagizi akageuza uso akatazama mashamba, kama afanyavyo mtu mwenye adabu akiona wawili wana lao.

"Lile bango ni la zamani," Dada Pole alisema kwa sauti yake ile ndogo. "Zile tisa zilikuwa kabla ya pampu. Hukukosea kitu. Hukuwa mvivu, wala hukuzembea. Wanakuvuta. Mimi ndiye nilipaswa kukwambia mapema, nisamehe. Usijinyooshe tena. Kaa ulivyo."

Ziwa lilitulia ndani ya beseni. Samaki akajigeuza, akasimama wima. Kisha likapanda ukingo wa beseni, likajimwaga nje taratibu, likaingia ndani ya lenyewe bila kishindo.

Hadi jioni lilikuwa limejikusanya. Lilijivuta kutoka kwenye nguzo za gati, kutoka kwenye tope, kutoka ufuko wote wa zamani, likajikunja katikati kama mtu anayevuta blanketi lake fupi kufunika mabega. Samaki walizama. Korongo alilazimika kuruka. Dada Pole na mfagizi walirudi na kamba wakapata mafundo manne na nusu.

Mkuu wa kituo alikuwa kwenye gati, chini yake tope.

"Umefanya nini na ufuko wangu?"

Dada Pole akampa daftari, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeisha kwa siku hiyo. Mkuu alisoma vipimo vyote, pamoja na ubishi wa kidole. Akavua miwani, akavaa mingine, akasoma tena. Alikaa ukingoni mwa gati na viatu vyake vizuri vikining'inia juu ya tope, akakaa hivyo mpaka giza lilipoanza kuingia.

Kesho yake aliandika barua mbili. Ya kwanza ilipeleka vipimo makao makuu. Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Vipimo vimepokelewa kwa shukrani, lilisema, ila vibali vilitolewa kwa ushahidi wa picha, na picha zimo kwenye jalada. Pampu mbili mpya zilikuwa zimeshafungwa. Zikawa nane, na upepo ukitoka kaskazini mlio wake ulifika hadi ukumbini. Barua ya pili ilikuwa ya mkataba. Ilisema mwelimishaji ni mpole, mwaminifu, na siku hizi anasikika.

Bango halikutolewa, kwa sababu ya mhuri. Lakini Jumanne zote sasa zilianzia kwenye boti, na ziwa lilikwenda nao kwa miguu yake, au kwa hicho linachotembelea, kisha likarudi nao kukaa. Lilikuwa dogo kuliko mwanzo ila lilikuwa zito, limejaa, na samaki wake alizunguka bila wasiwasi. Wiki moja lilikuja na samaki wawili.

Siku hiyo kamba ilikuwa mikononi mwa Kibogoyo. Alimnong'oneza Dada Pole namba sikioni, ili Dada aitaje mwenyewe. Dada Pole akasimama mbele ya viti, akatazama benchi la nyuma.

"Mafundo matatu na robo," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Ziwa lilitikisa uso kidogo, kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa. Wakaendelea na somo la kereng'ende.