Uzi wa Vitalia

Mzee Ildefonsi alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba yake, kijijini Mapera, akipapasa majivu na magunzi. Binti yake Ottilia, aliyekuja kumtazama baada ya msiba, alidhani ameanguka.

"Unatafuta nini, baba?"

"Kichupa changu."

"Kile cha usiku? Kilikuwa kitupu, nikakitupa. Kipya nimekiweka mezani, pamoja na mwenzake."

Zamani dawa za mzee za presha ya macho zilitofautiana vifuniko. Tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yajae Mbinga, kila safari aliletewa za kiwanda kingine, na sasa vichupa vyote viwili vilifanana kama mapacha. Marehemu mkewe, Vitalia, hakumsumbua kwa maswali. Alichomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, akaufunga kwenye shingo ya kichupa cha usiku. Kilipoisha, aliuhamishia kwenye kipya. Hiki kilikuwa cha kwanza kuisha tangu azikwe.

Watoto walikwishasema kwamba baba akishindwa kuona, atahamia Songea kwa kaka yao mkubwa. Songea hakuna ngolo zake, yale mashamba ya mashimo ya mlimani, wala kaburi la Vitalia kando ya mibuni. Ndiyo maana aliwatambua watu kwa sauti, na kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na uzi.

Ottilia aliingia ndani, akarudi na kuviweka vichupa viganjani mwa baba yake.

"Nionyeshe cha usiku, baba."

Mzee alivigeuzageuza. Angeweza kubahatisha, akapona kwa leo. Lakini kesho je, na keshokutwa? Akikosea, hata ule mwanga mdogo uliosalia ungekwenda, na mwanga ukishaondoka kwa maradhi yale haurudi. Aliogopa, tena sana.

"Sioni, mwanangu," alisema. "Maandishi siyaoni siku nyingi. Mama yako ndiye aliyekuwa anajua, akanifungia uzi kwenye cha usiku."

Ottilia alipiga magoti karibu yake, akafukua majivu mpaka akakipata kichupa kitupu. Aliufungua uzi kwa meno, akaufunga kwenye kile kipya.

"Utamwambia kaka yako?"

"Shika kwanza, baba. Hiki ndicho cha usiku."

Mzee alipapasa. Uzi ulikuwa ule ule, ila fundo lilikuwa la mkono mwingine, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.