Mgongo wa Trekta

Kipkirui alikuwa amelala chali matopeni, chini ya trekta lake dogo, akipima kwa kamba kutoka ekseli ya nyuma mpaka mbele, kwenye pua ya trekta. Uani kwa Obure, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kericho, mkono wa chuma wa kuchimbia mitaro ulikuwa tayari. Kilichobaki ni kuamua utafungwa vipi.

"Mzee, tuuning'inize hapa nyuma, kwa mikono mitatu ya kuinulia plau," Obure akasema. "Leo leo unaenda nao. Ukitaka fremu ya kupita chini mpaka mbele, utangoja wiki mbili."

Wiki mbili! Na afisa wa mradi wa maji alisema kazi ya mtaro wa mabomba atapewa mwenye mashine, tena mashine ionekane Jumatatu. Trekta lenyewe alilinunua kwa pesa ya kufutwa kazi, kampuni ya chai ilipoleta mashine za kuchuma ikawarudisha watu nyumbani. Likivunjika, Kipkirui hana kitu kingine.

Nyumbani hakuna wa kumuuliza. Tangu amzike mkewe Rebeccah huongea na trekta, nalo halijibu. Akampigia Kebaso, aliyekuwa fundi wa kampuni na sasa huchimba mitaro kwa jembe na wenzake. Tangu wasikie habari ya huo mkono, wote wameacha kumsalimia.

"Unaniuliza mimi?" Kebaso akasema. "Huo mtaro si ulikuwa wetu?"

"Najua. Lakini nitauliza nani mwingine, Kebaso?"

"Weka fremu. Hiyo ya kuning'inia, ukigonga mwamba inakuvunjia trekta mgongo." Akakata simu.

Kipkirui akaagiza fremu. Akampigia afisa, akamwomba angoje hizo wiki mbili.

"Aii, mzee, maji haingoji," afisa akacheka. "Shemeji yangu ako na mashine."

Wakubwa bwana! Watu wamengoja hayo maji tangu wazaliwe.

Jumatatu akaendesha trekta, bado halina mkono, mpaka penye mtaro ajionee. Mashine ya shemeji ilikuwa inararua udongo kando ya shamba la chai. Kebaso alikuwa amesimama akiangalia, jembe begani.

"Chamgei," Kipkirui akasalimu. Zamani Kebaso, Mkisii, angejibu kwa Kikipsigis chake kibovu, wacheke. Leo aliangalia trekta kwanza.

"Naona mgongo wake umepona," akasema, akaenda zake.

Kipkirui akazima injini, asimalize dizeli kwa kusimama tu.