Tulivyomlilia Hana wa Louisville

Mimi Dismas, mstaafu wa ghalani hapa Columbus, Marekani, siongopi. Huwa naruka tu baadhi ya tarehe.

Halmashauri ilikuwa iamue Jumanne kama nyumba ya matofali tunamosali ibomolewe, pajengwe maegesho ya magari. Germana, kiongozi wetu wa kwaya, alikonda kwa mawazo. Chini ya sakafu ya nyumba ile kuna chumba alimojificha Hana, mtumwa aliyetoroka Louisville akavuka mto ukiwa umeganda. Wazungu wawinda watumwa walipovunja mlango, akawamwagia uji wa moto, akatokomea kwenda Buffalo, akavukia Kanada. Kisha akarudi mara sita kuwatorosha wenzake. Mimi husema kumi na sita.

"Kikaoni tutakuwa watano tu, Mzee," Germana alilalamika. "Hawatatuona hata."

"Kikaoni watu wetu hawaendi. Msibani je?"

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wahamiaji wenzetu wa miji yote: Ndugu, mama yetu Hana, mzaliwa wa Louisville, ametutoka. Tukutane Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa halmashauri.

Hakuna aliyeuliza Hana yupi. Kwetu unakwenda kwanza, ukoo utaujulia hukohuko. Wala ukumbi haukumshangaza mtu. Marekani kila jambo lina ofisi yake.

Jumanne wakashuka: magari manane kutoka Louisville, basi zima kutoka Buffalo, vitenge, masufuria ya wali. Watu wakajaa hadi ngazini. Mama Nzigire, Mkongomani wa Buffalo, akaangua kilio mlangoni, mwenyekiti akavua miwani.

"Nani amekufa?"

Germana akasimama, akaeleza yote kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili: mto, chumba, uji. Akataja pia kwamba Hana alifariki mwaka 1881. Nzigire akanigeukia polepole.

"Bon, papa Dismas. Donc nimelilia mutu wa 1881? Nimesafiri saa tano!"

"Yeye alitembea wiki saba, mama. Na hakuna aliyemlilia."

Akanikazia macho. Nikajua leo nimekwisha. Kumbe anajifunga kitenge upya. Akalia kupita mwanzo, na ukumbi mzima ukamfuata.

Kura zikapigwa: saba kwa mbili, nyumba ibaki.

Nje, Nzigire alinipakulia wali kijiko kimoja, makusudi kabisa.

"Matanga tutaondolea Buffalo, kule alivukia," alisema. "Na ule uji utapika weye, papa."