Uji wa Mzazi

Japheth hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo linaloudhi. Ulikuwa mwaka wake wa nne akitunza wanyama kwenye shamba la tajiri mmoja huko Al Wukair, nchi ya jangwa ng'ambo. Kila Desemba dubu wao jike alipunguziwa chakula kidogo kidogo, kisha akafungiwa kwenye chumba chenye giza, kiyoyozi kikivuma baridi kali, alale mpaka Machi kama dubu wa nchi za baridi. Harun, msimamizi kutoka Mombasa, alirudia sheria moja mpaka ikachosha: mlango haufunguliwi. Ukitaka kumwona, mwone kwenye kamera.

Januari ya 2014 kamera ikaonyesha kitu kinatambaa kifuani pa dubu. Kidogo, wallahi, hata kiganja hakijazi. Amezaa usingizini!

"Akishtuliwa atamkataa mtoto, au amuue," Harun akaonya. "Umesikia, bwana?"

Alisikia. Lakini wiki mbili kabla, mkewe Kerubo alikuwa amejifungua huko Kisii, na majirani ndio waliomkorogea uji. Siku hiyo Japheth, mwanamume mzima, alijifungia chooni akalia, wenzake wa chumba wasimwone. Sasa huyu naye amezaa peke yake, tumbo tupu, kwenye baridi ile? Kwao mzazi haachwi hivyo. Haiwezekani!

Ijumaa, Harun alipokwenda msikitini, Japheth akakoroga uji wa wimbi kwa unga aliotumiwa kutoka nyumbani. Akaupooza, akafungua mlango taratibu, akasukuma sufuria ndani.

"Kunywa, mama. Pole sana."

Dubu akainuka. Uji hakuugusa. Alimnyanyua mtoto kwa meno, akazunguka naye kona hadi kona akitafuta pa kumficha, na chumba kile hakina maficho. Japheth akafunga mlango mbio, akabaki mbele ya kamera akisihi, "Mweke chini, mama, mweke chini tafadhali." Dubu alizunguka naye mpaka alasiri. Alipomweka chini akarudi kulala, mtoto hakutikisika tena.

Harun aliporudi hakugombeza. Heri angegombeza.

Jioni Kerubo akapiga simu, kichanga kikilia karibu naye. Japheth akamweleza yote.

 Kerubo akauliza, "Na dubu akiamka Machi, nani atamfungulia?"

"Mimi," Japheth akasema. "Chakula hali kwa mkono wa mtu mwingine."