Muunganisho wa Irambona

Napenda ieleweke kwamba sikukusudia kumfukuzisha mtu shule. Nilikusudia tu Mkuu wa Shule, kwenye kompyuta ya ofisini kwake, asome barua ya ng'ombe wa shule wakiomba likizo ya uzazi.

Akaunti yangu ilikuwa imefungwa kwa makosa ya zamani, nikaingia kwa ya Irambona. Bwenini tuliazimana kila kitu: ndoo, soksi, hata neno la siri. Nilikuwa nimetuma mistari minne, kila mmoja ukitokea papo hapo kwenye kioo cha ofisini, Mkuu alipoingia chumba cha kompyuta, nyuma yake Mwalimu Telesphory, mtunzaji wa seva yetu ya Unix, mashine kuu iliyounganisha kompyuta zote za shule.

"Nani?"

Wanafunzi kumi na sita tukainamia vioo kama tunaosali.

"Muunganisho bado uko wazi, Mkuu," alisema Telesphory. "Mashine itamtaja mwenyewe." Akaketi kwenye seva, akaandika amri moja, akasoma. "Irambona."

Irambona alisimama. Alitoka kambi ya wakimbizi, na kibali chake cha kusoma nje ya kambi kilisainiwa na Mkuu kila muhula. Bila sahihi hiyo angerudishwa kambini, na mwaka ule kambini waliandikisha watu kurudi Burundi, ambako hakuwa na ndugu aliyebaki hai.

"Shikamoo, Mkuu," alisema, ingawa tulikwisha kumwamkia asubuhi.

"Njoo mbele. Kibali chako nakifuta leo."

"Mkuu, si mimi."

"Mashine haidanganyi!"

Kweli haikudanganya. Akaunti ilikuwa yake. Vidole vilikuwa vyangu. Niliangalia kitufe cha kukata muunganisho. Ningekibonyeza, ningepona, na jina lingebaki moja tu, la Irambona.

Irambona alikuwa amesimama kando ya seva, mikono nyuma. Hakugusa kitu, na wote walimwona.

Nikaandika mstari wa tano. Nilikosea herufi tatu.

Kutoka ofisini, ng'ambo ya ukuta, Skolastika, mhazili wa Mkuu, alipaza sauti dirishani: "Mkuu! Ng'ombe wameandika tena! Wanasema, 'Irambona yuko mbele yenu, anayeandika ni Gervasi!'"

Telesphory alitazama mikono ya Irambona, kisha safu yetu. Nilisimama.

Nilirudishwa nyumbani Mwanga mwezi mzima, na godoro langu kichwani. Kibali kilisainiwa. Niliporudi, Irambona aliniazima ndoo na soksi. Neno la siri jipya hakunipa.